Vigimbi vikikaza: kutoka theluji ya Nagano hadi milima ya Kisarawe

Haya wadau, leo siasa tuziweke pembeni kidogo, tuongee habari ya vigimbi.

Mimi kwetu Chole, Kisarawe. Likizo moja nilijitia ubabe nikamsaidia binamu kusukuma baiskeli ya mkaa. Kupanda nilipanda. Kushuka nako, huku umeing'ang'ania isikukimbie na magunia yake, nilishuka. Kesho yake maumivu kidogo tu, nacheka. Keshokutwa natembea upande upande kama kaa, kisigino hakigusi chini!

Mnamkumbuka Philip Boit wa Kenya? Jamaa alikuwa mkimbiaji, akapelekwa Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji. Mwaka 1998 kule Nagano, Japani, alishiriki kilomita 10 akamaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alimsubiri amkumbatie. (Boit baadaye akampa mwanae jina la Daehlie.) Mchezo ule unakula vigimbi kwelikweli, maana kila hatua unainua kisigino na kujisukuma mbele. Hata mwenye miguu ya kukimbia, kazi ngeni inamuuma.

Sasa kwa nini iume siku ya pili? Mtaani wanasema ni asidi imejaa kwenye misuli. Hapana, ile huondoka ndani ya saa moja hivi. Kinachouma ni nyuzi za msuli zilizoumia kidogo kidogo, hasa pale msuli unapokaza huku unavutwa urefuke, kama kwenye mteremko. Inauma zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, halafu inaisha yenyewe. Ukirudia kazi ileile wiki zijazo, inauma kidogo.

Wengi tunanyoosha nusu tu. Kigimbi kina misuli miwili mikubwa: wa juu unavuka goti, wa ndani hauvuki. Kwa hiyo shika ukuta, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka, kisigino chini, hesabu sekunde 30. Halafu palepale kunja goti la nyuma kidogo bila kuinua kisigino. Utasikia mvuto umeshuka karibu na kisigino, huo ndio msuli wa pili. Rudia mara tatu kila mguu, na usirukeruke.

Ila nisiwadanganye, kunyoosha kunalegeza ule mkazo tu, maumivu hayafuti. Kinachosaidia zaidi ni kutembea taratibu (ukilala siku nzima unazidi kukakamaa), na kuchuliwa kwa mkono laini. Mafuta ya nazi ya bibi sawa, lakini kazi anafanya mkono, mafuta yanatelezesha tu.

Na hapo kwenye kuchua ndipo tulipotaka kumuua mjomba. Alikaa kwenye basi siku nzima kutoka Mwanza, akashuka kigimbi cha kushoto kinauma. Tukamchua siku mbili, mguu unazidi kuvimba na una joto. Kumpeleka hospitali, kumbe damu imeganda ndani ya mshipa. Donge lile likichomoka linaenda kwenye mapafu, na mtu anakufa. Daktari alitufokea, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo mdau, mguu mmoja tu ukivimba, una joto, na hukufanya kazi yoyote ya maana, usiuchue. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na kifua kikibana au pumzi ikikata, usingoje hata dakika. Vilevile ukisikia "pa!" nyuma ya kisigino kama umepigwa teke, au baada ya kazi nzito mkojo ukawa mweusi kama kola, hayo si ya ukuta wala ya nazi.

Mjomba alipona kwa dawa za kuzuia damu kuganda. Siku hizi basi likisimama abiria wachimbe dawa, yeye ndiye wa kwanza kushuka, hata kama hana haja.