Kuingia Bandarini: Uliza Kwanza Orodha Ni ya Nani

Kijana anayetaka kazi ya bandari Mombasa huja na maswali mawili: mshahara ni kiasi gani, na nimwone nani. Hilo la pili limewanenepesha matapeli wengi, na pesa iliyotolewa "kumsalimu mkubwa" mara nyingi hairudi. Swali lenye faida ni jingine, nalo haliulizwi: jina langu litaandikwa kwenye orodha ipi, na orodha hiyo inashikwa na nani?

Nina sababu. Kazi ya meli haina mwendo wa kiwanda. Leo magati yamejaa, keshokutwa gati zima ni tupu, na meli inayosubiri inamla mwenyewe pesa kila saa. Mwajiri anataka watu wengi wawe tayari mlangoni, lakini hataki kuwalipa siku ambayo hakuna mzigo. Hapo ndipo alipozaliwa kibarua wa bandari, Mombasa, London na Zanzibar vilevile. Waliosoma riwaya ya *Kuli* ya Adam Shafi wanaijua hali hiyo.

Kisa kinachofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni cha San Francisco. Kabla ya 1934, wapakuzi wa huko walikusanyika alfajiri kando ya barabara ya Embarcadero, nyapara akapita akichagua kwa kidole. Aliyejua kumnunulia pombe, au kumrudishia sehemu ya ujira, alichaguliwa. Mwingine akarudi nyumbani mikono mitupu. Mei mwaka huo wapakuzi wa pwani yote ya magharibi ya Marekani waligoma. Tarehe 5 Julai polisi walifyatua risasi, na watu wawili wakafa San Francisco. Uamuzi wa wasuluhishi mwezi Oktoba uliwapa nyongeza ya ujira na siku ya kazi ya saa sita, lakini ushindi wenyewe ulikuwa ukumbi wa kugawia kazi. Uliendeshwa kwa ubia na waajiri, ila mwitaji wa majina alichaguliwa na chama. Kanuni ikawa nyepesi kueleweka: aliyefanya saa chache kuliko wenzake ndiye anayeitwa kwanza. Nyapara akabaki bila cha kuuza.

Chama hicho, ambacho tangu 1937 kinaitwa ILWU, bado kinalinda orodha yake kwa wivu. Mgeni huanza kama kibarua asiye na uanachama, anaokota zamu zilizobaki baada ya wenye daraja, na huenda miaka ikapita kabla hajaandikwa daraja B, kisha A. Mwaka 2004 nafasi elfu tatu za vibarua zilipotangazwa Los Angeles na Long Beach, mamia ya maelfu ya watu waliomba, ikabidi majina yapatikane kwa bahati nasibu. Orodha inayomlinda aliye ndani humfungia mlango aliye nje. Watetezi wa vyama hawapendi kulisema hilo, lakini anayeanza kazi anapaswa kulijua.

Mombasa mambo yalikwenda kinyume. Makuli wa bandari yake ya Kilindini waligoma 1939, na Januari 1947 mgomo ukaenea mji mzima, watu wakikutana kwenye uwanja ulioitwa Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia, aliyepata kuwa kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi lililotokana na mgomo huo, alikamatwa mwaka uleule na kuwekwa kizuizini. Serikali ya kikoloni ilimwogopa kibarua: alifanya kazi siku chache, akalipwa, akarudi shambani kwake, asiwe mtumwa wa mtu. Dawa yake ikawa usajili. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 kazi za meli zilikuwa zikitolewa kwa wenye majina kwenye daftari, na asiyetokea mara za kutosha alifutwa. Wapwani wengi waliozoea kuchanganya jembe na gati walipotea humo.

Kwa hiyo orodha ambayo San Francisco ilidaiwa na wafanyakazi, Kilindini ililetwa na wakubwa ili watu watulie. Hawakutulia. Waliosajiliwa walikutana kila siku, wakajuana, na wakawa na la kupoteza pamoja. Machi 1955 waligoma tena, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Tom Mboya akaja kusuluhisha, wakapata nyongeza ya mshahara. Chama cha wafanyakazi wa bandari, Dock Workers Union, ni cha enzi hizo.

Kisha likaja kontena. Aprili 1956 meli *Ideal X* ilitoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58, na hesabu za wakati ule zilionyesha kwamba kupakia tani moja kulikogharimu karibu dola sita kwa mzigo wa kawaida kulishuka hadi senti zipatazo 16. Magunia na mabega hayakufutika siku moja, lakini tangu hapo idadi ya watu kwa kila meli imekuwa ikipungua. ILWU iliona mapema: mwaka 1960 ilikubali mashine, kwa sharti kwamba waliosajiliwa wasifukuzwe na waajiri wachangie mfuko wa kuwastaafisha. Kwa anayeanza leo maana yake ni kwamba nguvu peke yake haimfikishi mbali. Anayejua kuendesha kreni, trekta la kontena au mashine ya kunyanyua ndiye anayetafutwa, na mafunzo ya aina hiyo hutolewa hapo hapo Mombasa, Bandari Maritime Academy.

Sasa turudi mlangoni. Ndani ya eneo lilelile la bandari utakuta mwajiriwa wa kudumu wa Halmashauri ya Bandari Kenya, mwenye mkataba wa muda, na kibarua aliyeletwa na kampuni binafsi ya upakuzi au ya ghala. Wanavaa kofia zinazofanana na wanapita chini ya kreni ileile. Kisheria hawafanani hata kidogo. Kabla ya kutia sahihi, soma jina la mwajiri kwenye karatasi, kwa sababu mkataba wa pamoja, ule ambao wengi huuita CBA, unamfunga mwajiri aliyeusaini, haufungi geti. Ukiwa chini yake, masharti yake huhesabiwa kuwa sehemu ya mkataba wako hata kama hayakuandikwa humo.

Kibarua naye hana haja ya kukata tamaa. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua ni yule anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akifanya siku mfululizo ambazo zikijumlishwa zinafika mwezi, au akipewa kazi isiyotarajiwa kwisha ndani ya miezi mitatu, ajira yake hugeuka kuwa ya mwezi. Shida iko kwenye hilo neno mfululizo, kwa kuwa meli zenyewe haziji mfululizo, na wapo waajiri wanaojua kukata siku moja katikati. Nunua daftari. Andika tarehe, zamu, jina la meli, jina la msimamizi, na utunze kila ujumbe wa malipo wa simu. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi haitakusikiliza kwa uchungu wako, itauliza siku.

Usalama nao uingie kwenye daftari hilo. Kufunga na kufungua makontena juu ya sitaha, pini na vyuma vizito mkononi huku kreni ikipitisha mzigo, ni miongoni mwa kazi za hatari zaidi bandarini. Mkataba namba 152 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1979, unahusu usalama na afya katika kazi za bandari. Ukiumia, ripoti siku hiyo hiyo kwa maandishi. Dai la fidia lisilo na ripoti ni gumu kulisimamisha.

Kuhusu chama: unajiunga kwa kutia sahihi fomu inayomruhusu mwajiri kukukata ada kwenye mshahara, na unaweza kujitoa kwa kuandika barua. Wengine hukwepa wakidhani wameokoa pesa. Sheria ya Mahusiano ya Kazi inaruhusu, Waziri akitoa amri, asiye mwanachama anayenufaika na mkataba wa pamoja akatwe ada ya uwakala. Anachangia mazungumzo ya mshahara wake kama wenzake, lakini viongozi wa chama wanapochaguliwa hana kura, wala hana sauti kwenye mkutano unaoamua nini kidaiwe safari ijayo.