Kutayarisha Mbao Kuukuu Kabla ya Kupaka Rangi Upya

Nyumba nyingi za zamani mjini Tabora, zikiwemo zilizojengwa baada ya reli kufika mwaka 1912, zina milango, madirisha na mbao za ukingo wa paa za miaka mingi. Rangi yake ikibanduka, lawama huelekezwa kwenye rangi yenyewe. Aghalabu chanzo ni maji yaliyopenya kwenye nyufa na ncha za mbao, au rangi mpya iliyopakwa juu ya vumbi.

Wakati unaofaa kwa kazi hii ni kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, mbao zikiwa zimekauka. Kwanza mwenye nyumba azibe paa na mifereji inayovuja, kisha adunge ubao kwa bisibisi. Bisibisi ikizama kwa urahisi, ubao umeoza au umeliwa na mchwa. Ubadilishwe, kwa kuwa rangi haiponyi ubao mbovu.

Hatari kubwa imo katika kukwangua. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi. Vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo kila rangi kuukuu ichukuliwe kuwa na risasi. Isikwanguliwe ikiwa kavu wala isichomwe kwa moto. Watoto na wajawazito wakae mbali na turubai litandikwe chini. Ubao ulowanishwe, ukwanguliwe, kisha usuguliwe kwa msasa wa maji. Fundi avae barakoa ya kuzuia vumbi laini, kitambaa hakitoshi. Magamba ya rangi yafungwe mfukoni, na mbao zilizoondolewa zisigeuzwe kuni za jikoni. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Rangi ambayo bado imeshika isiondolewe; kingo zake zilainishwe tu. Ubao uliogeuka kijivu kwa jua usuguliwe hadi rangi yake ya asili itokee, uoshwe kwa sabuni, usuuzwe na uachwe ukauke siku kadhaa. Hapo hufuata rangi ya msingi, hasa kwenye ncha za mbao, kisha puti kwenye nyufa, na mwisho tabaka mbili za rangi. Ubao mtupu usikae juani kwa majuma, maana jua huharibu uso wake na rangi haitashika vema.

Milango ya nakshi iliyobaki tangu enzi za misafara ni jambo la pekee. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na miimo ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Mwenye mlango wa aina hiyo asiukwangue wala kuung'oa kabla ya kupata ushauri wa Idara ya Mambo ya Kale, kwani nakshi iliyofutwa na msasa hairudi.