Vidonge vilivyomzima Agger

Machi 2015, Brondby ilikuwa na gemu ya watani wa jadi dhidi ya FC Copenhagen. Daniel Agger, beki kisiki aliyekipiga Liverpool kwa zaidi ya miaka minane, alianza, lakini hata nusu saa haikuisha akatolewa. Hakuchezewa rafu na mtu. Baadaye alieleza mwenyewe: alikuwa amemeza vidonge vya kupunguza uvimbe kupita kiasi, mwili ukagoma.

Juni 2016 akatundika daluga akiwa na miaka 31 tu. Alikiri kwamba kwa miaka mingi alitegemea vidonge hivyo ili mwili uliochakaa uingie uwanjani, na akataka wengine wajifunze kupitia kwake.

Hakuwa peke yake. Madaktari wa Fifa walipopitia dawa zilizotumiwa na timu kwenye Kombe la Dunia 2010 kule Afrika Kusini, walikuta karibu wachezaji wanne kati ya kumi wanatumia dawa za maumivu kabla ya kila mechi.

Dawa zenyewe si ngeni. Ni hizi hizi ibuprofen na diclofenac zinazouzwa maduka ya dawa mtaani. Mchezaji akitegua enka, mwili hutengeneza kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu. Kidonge kinapunguza kemikali hizo, jamaa anajisikia freshi. Tatizo ni kwamba kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Ukizibana kila wiki, unakaribisha vidonda vya tumbo na matatizo ya figo, hasa ukicheza juani huku umekaukiwa maji.

Si kwamba dawa hizi hazifai. Kwa siku chache na kwa kipimo cha daktari, zinasaidia. Lakini haziungi msuli uliochanika. Zinanyamazisha maumivu tu, na anayecheza bila kuyasikia anaweza kugeuza jeraha la wiki mbili kuwa la msimu mzima.

Na kwa kuwa hazimo kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni, hakuna kipimo cha doping kitakachomkamata mchezaji. Wa kumzuia ni daktari wake na yeye mwenyewe. Agger alilijua hilo akiwa ameshachelewa.