Kwa nini mionzi haipigwi siku moja ikaisha

Mama wa Nyandira, kule Mgeta, akiambiwa ana saratani ya mlango wa kizazi na kwamba atakaa Dar es Salaam wiki tano au zaidi, huuliza swali la haki kabisa: si mnipige yote leo, nirudi shambani?

Mionzi huua seli kwa kukata vinasaba vyake, na haichagui. Hupita kwenye uvimbe, hupita pia kwenye kibofu na utumbo ulio jirani. Ila seli nzima hujikarabati kwa saa chache. Ya saratani, aghalabu, hushindwa. Ndiyo maana dozi hukatwakatwa: grei (kipimo cha mionzi) 2 hivi kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, mpaka zifike 45 au 50. Zikipigwa kwa mkupuo, uvimbe utakufa na utumbo utaharibika pamoja nao.

Kukatisha nako kuna gharama. Seli zilizosalia hutumia nafasi hiyo kuzaliana upya, kwa hiyo wataalamu hutaka tiba nzima, pamoja na ile ya kuingiza chanzo cha mionzi kupitia ukeni, iishe ndani ya wiki nane. Ruhusa ya wiki mbili ya kwenda kuvuna si jambo dogo.

Chumbani hakuna maumivu. Unalala chali juu ya meza ngumu, alama za wino ulizochorwa kiunoni zinalinganishwa na miale ya taa, wahudumu wanatoka, mlango mzito unafungwa, wanakutazama kwa kamera. Dakika chache, basi. Alama hizo usizisugue kwa dodoki. Kuhara na uchovu huja baadaye. Mwambie daktari, usijitibu kwa mizizi. Na ukitoka pale huna mionzi mwilini: mbebe mjukuu wako.

Mashine ya mionzi yenye chanzo cha kobalti hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka 5 na ushee, hivyo chanzo kikizeeka mgonjwa hulala mezani muda mrefu zaidi kwa dozi ileile. Hajazidishiwa. Mashine za kisasa zinazotumia umeme zilianza kazi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mwaka 2018.

Treni ya SGR, tangu 2024, inakufikisha Dar kutoka Morogoro mjini kwa chini ya saa mbili. Lakini kushuka kutoka Nyandira wakati wa masika ni habari nyingine, na kwenda na kurudi kila siku hakuwezekani. Kwa maoni yangu, wengi hukwamishwa na malazi kuliko woga wa mashine. Siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kuchorwa alama, ulizia malazi kwenye ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini.