Waliotulindia Mpaka, Nasi Tuwalindie Nyumba



Kila mwaka, ifikapo tarehe 25 Julai, nchi yetu ya Tanzania huwakumbuka mashujaa wake. Huwekwa mnarani mkuki na ngao, upinde na mshale, sime na shoka, pamoja na mashada ya maua. Hupigwa tarumbeta, nao viongozi wa dini husimama wakaomba dua. Sisi wa mkoa wa Kagera siku hiyo yatugusa kwa namna ya peke yake, kwa kuwa kwetu ndiko waliko lala askari wengi waliokufa katika vita vya mwaka 1978 na 1979, pale Kaboya, wilayani Muleba. Wazee waliorudi hai huketishwa mbele na nishani zao vifuani, na watoto wetu wa madrasa huwatazama kwa kicho. Hayo ni mema, wala hatuna neno nayo. Lakini leo twapenda kuuliza habari za siku 364 zilizosalia: mzee yule akishavua nishani zake, huenda kulala wapi, na chini ya paa la nani?

Twauliza kwa sababu mtaani kwetu, mjini Bukoba, upande wa ziwani, mzee mmoja wa namna hiyo alikuwa karibu kutolewa katika nyumba yake mwenyewe. Na mkono wetu sisi tuandikao haya ulikuwamo katika kosa lile.

VITA TULIVYOVIONA

Mji wa Bukoba si mgeni wa vita. Mwezi wa Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, wakaushambulia mji huu uliokuwa mikononi mwa Wadachi, wakaivunja mitambo yao ya simu ya upepo. Hayo tulihadithiwa na wazee. Ya mwaka 1978 tuliyaona kwa macho yetu. Tulikuwa watoto wa chuo, juzuu zetu mapajani, ndege za Idi Amin zilipokuja mwezi wa Oktoba zikatupa mabomu, na mji mzima ukatawanyika migombani. Majeshi yake yalikwisha ingia katika nchi yetu kaskazini ya mto Kagera. Tarehe 1 Novemba serikali yake ikatangaza kwamba sehemu ile yote ni mali ya Uganda. Na baada ya siku chache daraja la Kyaka likavunjwa. Watu wa ng'ambo ya mto walikuja na nguo zilizokuwa miilini mwao tu, wengine wakiongoza mbuzi mmoja aliyesalia katika zizi zima.

Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba sababu ya kupigana ipo, na nia ipo, na uwezo upo, wengi walioitika hawakuwa askari wa mshahara. Walikuwa mgambo: wakulima wa kahawa, wavuvi, mafundi, makuli wa gatini. Tarehe 11 Aprili 1979 mji wa Kampala ulitwaliwa, na baadaye mgambo wengi wakarejea jembeni na nyavuni kana kwamba walikwenda safari ya kawaida.

Mzee wetu alikuwa mmoja wao. Alikuwa mvuvi, akavuka mto pamoja na jeshi, akarudi na mguu mmoja unaochechemea. Alijenga nyumba ya vyumba sita kwa matofali ya udongo, akaiezeka bati, katika upande wa juu wa kiwanja alichorithi kwa baba yake. Upande wa chini, kuelekea maji, aliacha migomba na mibuni michache, na katikati ya pande hizo mbili akapanda safu ya milamula, kama ilivyo desturi ya Kihaya ya kuonyesha mpaka. Vyumba viwili alipangisha, na kodi yake ndiyo iliyomlisha yeye na mkewe baada ya nguvu za uvuvi kumwishia.

Kisha Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, wakati wa alasiri, katika siku zile kumi tukufu za Mfungo Tatu, ardhi ikatetemeka. Watu zaidi ya 15 walikufa mkoani kwetu, na nyumba kwa maelfu zikaanguka au zikapasuka, hasa zile za udongo. Nyumba ya mzee haikuanguka yote, ila ukuta wa mashariki ulilala chini na wapangaji wakahama. Ukuta haujengwi kwa nishani. Akaamua kuuza kipande cha chini ili atengeneze cha juu.

JINSI KIWANJA CHA ZIWANI KINAVYOUZWA

Msomaji asiyekaa pwani ya ziwa huenda asifahamu ni biashara gani hii. Kiwanja kinachotazama maji hakikai sokoni muda mrefu. Yupo mwenye fedha atakaye kujenga nyumba ya wageni. Yupo mtumishi akaribiaye kustaafu, atakaye kuamka akiliona ziwa. Na kwa upande wa pili yuko kijana wetu aliyehamia Mwanza au Dar es Salaam, ambaye kwake migomba ya babu si kitu, fedha taslimu ndiyo kitu. Baina yao amesimama dalali.

Hatusemi kwamba kila dalali ni mwovu, kwani wamo wacha Mungu. Lakini njia za wale wabaya twazijua. Huja kwanza na kilo mbili za sukari na salamu nyingi. Siku ya pili huleta mtu ajifanyaye mnunuzi, akataja bei ya chini kabisa, ili bei ya pili ionekane ni neema. Huu ni ndugu wa ile hila ambayo Mtume wetu (s.a.w.) ameikataza kwa jina la najshi, ya mtu kujitia mnunuzi ilhali hana haja ya kununua, ili amdanganye mwenziwe. Siku ya tatu hutoa kishika uchumba, na hutoa upesi, kabla ya familia kukaa kitako. Kwa maana ajua kwamba mwenye shida akishazila fedha za kwanza hana tena njia ya kurudi nyuma. Mwisho huleta karatasi iliyokwisha andikwa, iliyonakiliwa kutoka mauzo mengine, na mahali pa kutaja mipaka pameandikwa maneno matatu yasiyo na maana.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2018. Tulikuwa tumeketi barazani baada ya kusomesha, dalali akatujia na kalamu mkononi. Akasema, "Maalim, tia sahihi hapa uwe shahidi. Ni kile kipande cha chini tu." Tukatia. Hatukusoma hata mstari mmoja. Sisi ambao kila mwaka twawahifadhisha watoto Sura ya Al-Baqara, na katika aya yake ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, mna amri ya kuandika madeni kwa uadilifu na kushuhudisha, tulitia sahihi kama mtu agongaye muhuri.

Miaka miwili ikapita. Mwezi wa Mei 2020 ziwa lilipanda likafikia kimo ambacho halikukifikia tangu Mei 1964. Kipande cha chini kikawa kidimbwi, migomba ikasimama majini. Ndipo mnunuzi alipoifungua karatasi yake akasoma: amenunua "kiwanja pamoja na maendelezo yote yaliyomo." Milamula haikutajwa popote. Akampa mzee siku 30 ahame.

Mzee alitujia usiku, mkongojo mkononi. Hakutulaumu, lau angalitulaumu ingekuwa nafuu kwetu. Alisema tu, "Maalim, mimi nilivuka Kagera kwenda, nikavuka kurudi. Sasa nahamishwa na karatasi."

TULIVYOSULUHISHA

Sisi elimu yetu ni ya chuo na ya shule ya msingi, hatujui sheria. Tulimwendea kijana mmoja wa mtaani, mwanafunzi wetu wa zamani, aliyesomea mambo hayo. Alilisoma lile karatasi mara mbili, kisha akauliza swali moja tu: "Mama alisaini wapi?"

Mama hakusaini popote, wala hakuulizwa. Kijana akatueleza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume wala mke kuiuza nyumba wanayokaa pasipo ridhaa ya mwenzake. Akatueleza na jambo la pili: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza ujenzi na shughuli za kudumu katika mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tulipima kwa kamba. Sehemu kubwa ya kile kipande cha chini ilikuwa ndani ya mita hizo. Basi tangu awali mnunuzi asingeweza kujenga pale. Naye hakuambiwa. Yatupasa kusema haki: mtu yule alitoa fedha zake za halali, naye pia alidanganywa.

Tulikwenda mbele ya Baraza la Kata. Tuliposimama kutoa ushahidi tulikiri wazi kwamba tulitia sahihi pasipo kusoma, na kwamba tulichoambiwa ni kipande cha chini. Haikuwa rahisi. Walikuwapo wazee wa msikiti, na wazazi wa wanafunzi wetu walikuwa wakisikiliza dirishani. Lakini ushahidi ni amana, na aibu ya barazani ni nyepesi kuliko ya kesho mbele ya Mola wetu.

Mwishowe wakapatana. Nyumba na upande wote wa juu vikabaki kwa mzee na mkewe. Mnunuzi akapewa ukanda wa bustani ulio nje ya zile mita 60, na akarudishiwa sehemu ya fedha zake. Fedha hizo mzee hakuwa nazo, zilikwisha kuwa ukuta na mabati. Zilichangwa na watu wa mtaa, Waislamu na Wakristo, kila nyumba kwa kadiri yake, na vijana wa madrasa wakauza maandazi kwa wiki kadhaa. Hakuna aliyehutubia juu ya ushujaa katika siku zile, lakini sisi hatujaona heshima ya askari iliyozidi hiyo.

YALIYO WAJIBU WETU

Kwanza, karatasi ya mauzo isomwe kwa sauti mbele ya mume na mke na watoto waliopo, na mashahidi wasitie sahihi mpaka wameizunguka mipaka kwa miguu yao. Iandikwe ni hatua ngapi, ni mti gani, na jirani wa kila upande ni nani. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, mauzo yapitie Halmashauri ya Kijiji. Ikiwa ni ya mjini, mwenye kiwanja afuatilie upimaji na hati, na jina la mke liandikwe pamoja na la mume.

Pili, mke wa askari asisahauliwe. Wengi wa wazee hawa wanatangulia, na mara matanga yakiisha ukoo huja kumwambia mjane kwamba ardhi ni ya ukoo. Qur'ani imekwisha mgawia mke fungu lake: moja katika nane mume akiacha watoto, moja katika nne asipoacha, na mabinti nao wana lao. Na hata kwa upande wa mila yetu, mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza iliamua shauri la mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi kwa baba yake kisha akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo. Ikasema kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume. Asije mtu akasema hakusikia.

Tatu, mwenye kuuza awatangulize walio karibu. Fikihi inayo haki ya shufaa, ambayo kwa madhehebu yetu ya Kishafii ni ya mshirika katika mali isiyogawanywa. Lakini hata pale isipolazimu, kumwuliza jirani kwanza ni adabu njema, na mara nyingi huokoa kiwanja kisianguke katika mikono ya watu wa najshi.

Nne, ugomvi ukitokea tusikae mpaka siku 30 zikaisha. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata kazi yake katika mashauri ya ardhi ni kupatanisha. Hukumu yatafutwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Basi kijana ajuaye kusoma amsindikize mzee huko, ambebee na mafaili yake.

Mzee wetu alifariki mwaka jana, katika chumba chake mwenyewe, ukuta wa mashariki ukiwa umesimama. Mjane wake yupo, amepangisha vyumba vitatu, na upimaji wa kiwanja umekwisha fanywa kwa jina lake. Hati bado haijatoka, nasi twaifuatilia pamoja naye kila mwezi. Ziwa lilipopanda tena mwaka 2024 lilifika katika milamula, likaishia hapo.

Basi ifikapo tarehe 25 Julai, baada ya tarumbeta na dua, kila nyumba yenye vijana imtazame mzee mmoja aliye jirani, au mjane wake, iulize kwa upole: Mzee, karatasi za nyumba yako ziko wapi, na ni nani aliyekusomea? Mwenyezi Mungu awarehemu waliolala Kaboya, awape afya waliobakia, na atujaalie sisi tusiwe mashahidi wa tusiyoyasoma. Amin.