Simu ya Ofisi Nyeri: Mbona Hukatika Ikihamishwa?

Uko Mombasa, wapiga simu ofisi moja Nyeri. Mashine yakwambia bonyeza 2 upate mhasibu. Ukibonyeza, simu yakatika. Aghalabu kosa si la mtandao, ni la namna mashine ilivyopangwa.

Mashine ya ujumbe wa sauti hupiga nambari kama apigavyo mtu. Kwa meza za ndani, nambari fupi yatosha. Lakini mhasibu akiwa tawi la Nanyuki, mashine iwekewe kwanza tarakimu ya kutokea nje, mara nyingi 9 au 0, isubiri kidogo ipate mlio, kisha ipige nambari kamili pamoja na kodi ya mji: Nanyuki 062, Meru 064, Embu 068. Nyeri yenyewe ni 061.

Simu isipopokewa, mpigaji arudishwe aache ujumbe, asikatwe.

Na tahadhari: simu ikihamishwa nje, ofisi ndiyo hulipa. Fungeni nambari za ng'ambo na mbadilishe nambari ya siri iliyokuja na mashine, wezi wasije wakapiga kwa gharama yenu. Mkimaliza, jipigieni wenyewe kutoka nje, msikie asikiavyo mteja.