Fundi wa Makufuli na Nyota Iliyolipuka

Kaeni vizuri niwasimulie habari za Víctor Buso, fundi wa makufuli wa mji wa Rosario, Argentina. Kazi yake ni funguo na vitasa, lakini mapenzi yake yako angani. Juu ya paa la nyumba yake alijenga kituo kidogo cha kutazamia nyota, akaweka humo darubini yenye kioo cha upana wa sentimita 40.

Usiku wa tarehe 20 Septemba 2016 alikuwa na kamera mpya ya kuijaribu. Akailenga darubini juu kabisa, karibu na utosi, ilipokuwa galaksi iitwayo NGC 613. Galaksi ni kusanyiko la mabilioni ya nyota, na hii ni ya zile zenye mikono iliyojizungusha kutoka kitovuni. Iko mbali mno! Nuru iliyoingia kwenye kamera usiku ule ilikuwa safarini kwa zaidi ya miaka milioni 60.

Mtaniuliza: nuru hafifu hivyo inapigwaje picha katikati ya mji uliojaa taa? Kamera ikiachwa wazi muda mrefu, mwanga wa mji nao unaingia na kuifunika galaksi. Kwa hiyo Buso alipiga picha fupi fupi, sekunde 20 kila moja, huku mtambo ukiisogeza darubini polepole kulifuata anga, maana Dunia haiachi kuzunguka. Picha hizo huunganishwa kwenye kompyuta, nuru ya galaksi ikajikusanya kama matone ya mvua mtungini, hadi mikono yake ikaonekana.

Buso alizikagua picha zake vizuri. Katika zile za mwanzo hapakuwa na kitu kigeni. Katika zilizofuata, pembeni mwa galaksi, palikuwa na nukta ambayo mwanzoni haikuwepo, na katika kila picha ilizidi kung'aa. Akatafuta wenzake upesi ili habari iwafikie wataalamu.

Ilikuwa nyota inayolipuka. Milipuko ya namna hiyo hugunduliwa mara nyingi, lakini zikiwa zimeshapita saa nyingi au siku kadhaa. Buso alikuwa ameunasa mwanga wa kwanza, pale wimbi la mlipuko linapotoka ndani ya nyota na kupasua uso wake. Kwa kuwa hakuna ajuaye nyota ipi italipuka lini, wataalamu walikadiria kwamba bahati hiyo ni moja katika milioni 10, pengine hata chini ya hapo. Ila ilimkuta mtu aliye kazini, na kwangu hilo lina uzito kuliko bahati.

Darubini kubwa za dunia zikageuzwa upande ule. Utafiti ulioongozwa na Melina Bersten wa mji wa La Plata ulichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2018, na Buso ni mmoja wa waandishi wake. Wataalamu walikadiria kwamba nyota ile ilizaliwa na uzito wa takriban Jua letu mara 20. Ilipofikia kulipuka, uzito huo ulikuwa umebaki wa mara 5 tu, yaelekea kwa sababu nyota jirani ilikuwa imeinyonya.